Vita vya Fakhrudin na Viti vya Pweza

Sogeeni, enyi watu wa Chemchem na Ntalikwa, wekeni chini mizigo na zimeni simu, mpate kusikia jinsi bahari ilivyovamiwa katikati ya Tabora, na jinsi Fakhrudin mwenye duka la vifaa, simba wa nati na bawaba, alivyotoka kuitetea akiwa amevaa ndala.

Bahari yenyewe ilikuwa tangi la kioo juu ya kaunta, na ndani yake matumbawe hai ya ukubwa wa sahani. Yalikuwa ya mkewe, Mehjabeen. Alipoolewa akitokea Tanga aliyaleta kwa njia ile ile ya wapagazi wa kale, akapakata ndoo safari nzima, na kwa miaka tisa amepima chumvi ya maji yake kila asubuhi, maana hapa hakuwa na kitu kingine cha kwao. Alipokwenda Nzega kumuuguza dada yake alimwachia mumewe agizo moja: asitie kitu humo.

Akatia. Shujaa haamrishwi. Alitia jiwe la baharini alilotumiwa na rafiki yake wa Dar, bila hata kulisuuza, na juu ya jiwe hilo walipanda viti vya pweza, wale wadudu wa baharini wenye umbo la nyota, wadogo kama vifungo vya shati, ambao chakula chao ni matumbawe. Wiki ya pili upande mmoja ulikuwa mweupe, umekufa. Hapo bingwa akamshika adui mmoja, akamkata vipande viwili kwa mkasi, akavirudisha vyote majini ili wenzake watishike. Hawakutishika. Vipande vikaota miguu, vikawa maadui wawili wenye njaa.

Ijumaa, Mehjabeen akiwa tayari ndani ya basi la kurudi, Fakhrudin akatwaa bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe, akalijaza siki, akalipa tangi kisogo na kuwahutubia wateja wawili.

"Enyi mashahidi," akanena, "leo ni mimi au wao. Babu yangu aliijenga nyumba hii kwa mikono yake. Je, mjukuu ashindwe na kidudu kisicho na kichwa?"

"Bosi, naomba misumari yangu ya bati," akasema Bertila, mkulima wa tumbaku kutoka Usinge, aliyekwisha kusubiri saa nzima. "Gari langu linaondoka saa nane."

"Mama, historia haikatizwi kwa misumari."

Bertila akawatazama wale wadudu. Shambani kwake viwavi huokotwa kwa mkono, jani kwa jani, wala hakuna anayewahutubia. Akakunja mkono wa gauni, akanawa kwa maji ya chupa yake, akazamisha vidole tangini, akaanza kuwaokotea kikombeni. Hotuba ilipofika kwa baba wa shujaa, kikombe kilikuwa na kumi na wanne. Ilipofika kwa shujaa mwenyewe alikuwa amebaki mmoja, na Bertila akamwacha palepale kwenye kioo, kwa kumwonea bosi huruma.

Fakhrudin akageuka, akashambulia. Alikosa mara tatu. Mara ya nne sindano ikapenya, adui akalegea, na mshindi akaketi kuhema.

Mehjabeen alipoingia hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akaona upande uliosalia hai ukifunguka tena kama ua, na machozi yakamtoka.

"Nani ameyaokoa?"

"Mimi," akajibu Fakhrudin, akaweka maiti juu ya kisahani, akatoka nayo kuwaonyesha majirani, akina Gulzar na Murtaza, duka kwa duka.

Mehjabeen akaona kikombe, kisha mkono wa gauni la Bertila uliolowa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Gari limeshaniacha, na misumari sijapata."

Mehjabeen akampimia misumari kwa mkono wake, akamtandikia kitanda cha wageni, akampakulia kabla ya mwenye nyumba.

Nje, mtaa mzima ulikuwa umekwisha kutangaziwa ushindi. Andikeni basi, enyi waandishi wa tarikhi, msipunguze wala msiongeze: katika vita vikuu vya Tabora, kwa siki, kwa sindano ya ng'ombe na kwa hotuba ya nusu saa, Fakhrudin aliua mmoja.