Sungusungu wa Ini Langu

Jumatatu, 5 Juni 1995

Shemeji Januarius kafungua duka la dawa. Soko huria! Juzi alikuwa anauza vibiriti, leo Bariadi nzima inamwita Daktari. Mke wangu Eufrasia, dada yake, anatembea kama aliyevumbua panadoli. Lazima na mimi nipate biashara ya afya, kubwa kuliko yake. Tumbo linavuta upande wa kulia. Nadhani ni wivu.

Jumatano, 7 Juni

Eufrasia kanikokota zahanati. Yupo daktari kutoka Mwanza, Benedikta, anapima kichocho. Ninacho. Cha tumbo. Anasema nimekipata majarubani kwenye mpunga, au lamboni tunakonyweshea ng'ombe. Nikanuna. Ndipo akaniinamisha kwenye hadubini nione kipande cha ini la mgonjwa mwingine, chembamba kuliko ganda la kitunguu.

Mungu wangu! Niandikeje? Ndani ya ini, kwenye vijia vya damu, wamekaa walinzi. Hawana likizo. Damu yote itokayo tumboni inapita mbele yao, na mdudu wanayemtilia shaka wanamkamata na kummeza. Mzimamzima! Yai la mnyoo wa kichocho likiwashinda, wenzao wanakuja mbio, wanalizunguka, wanalijengea ukuta. Nimeuona kwa macho yangu: yai katikati, walinzi duru kwa duru. Sungusungu kabisa, kama wale wanaokesha kulinda kijiji! Na wamo ndani yangu mimi, Mhoja, nisiyewahi kumwambia hata mmoja wao asante. Machozi yamenitoka. Daktari kadhani naogopa.

Aliendelea kusema jambo kuhusu kuta hizo zikizidi. Sikulishika, nilikuwa mbali. Kanipa vidonge nimeze nikishakula.

Alhamisi, 8 Juni

Sijameza. Nimewahi kuwa sungusungu, najua mambo. Kijiji kikikosa wezi, walinzi wanalala na mishale inaota kutu. Vidonge vikiua minyoo yote, jeshi langu litafanya nini? Walinzi wanataka mazoezi! Nimeshinda lamboni, maji kiunoni, nawaletea wezi. Ng'ombe wamenishangaa. Na biashara nimeipata: Chuo cha Mazoezi ya Ini. Januarius na vidonge vyake atafunga duka.

Jumapili, 11 Juni

Nimetangaza chuo baada ya misa. Januarius kauliza mbele za watu mbona mwalimu ana tumbo la mjamzito. Nikamjibu kuwa jeshi limeongezeka. Kicheko uwanja mzima. Eufrasia peke yake hakucheka.

Nyumbani akaniambia nisilolijua. Baba yao alianza hivihivi: tumbo likajaa, likawa gumu, mwisho akatapika damu, akafa. Hapakuwa na dawa karibu. Ndiyo maana Januarius kafungua duka. Akaniambia, Baba Minza, sitaki kuyaona tena. Kisha akalia. Ugali umenishinda.

Jumatatu, 12 Juni

Kwa daktari tena, wote watatu: mimi, Eufrasia na Januarius. Nimeungama habari za lambo. Daktari Benedikta alinitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu. Akarudia lile nililolipuuza: walinzi hawajui kuacha. Kila yai wanalijengea ukuta, ukuta unaacha kovu, na makovu yakijaa damu inakosa pa kupita. Ini linakuwa gumu. Wanailinda nyumba mpaka wanaziba milango yake.

 Nimeogopa, ndiyo, lakini pia nimeshangaa. Watumishi gani hawa! Adui haishi kuja, nao hawaishi kujenga. Daktari anasema ini langu limevimba tu, halijawa gumu, na litapona nikimeza leo. Minyoo ikifa, mayai yatakoma, na walinzi watapumzika. Nimemeza vyote. Uji wa kushushia kaniletea Januarius, kwenye chupa ya chai ya nyumbani kwake. Nimeunywa wote.

Jumamosi, 22 Julai

Nimepimwa tena. Hakuna yai hata moja! Eufrasia kachinja jogoo. Januarius kanishika mkono na kuniita shemeji bila kejeli. Nimeahidi mbele yao kuwa lamboni sitatia mguu tena.

Mchana nimejilaza nyuma ya nyumba, mkono juu ya ini. Kimya. Nimewawaza mle ndani, kila mmoja kwenye kijia chake, macho wazi, hakuna kazi. Majemadari waliojenga kuta zile! Nimewaonea huruma.

Nimeshuka lamboni mara moja tu. Siyo mazoezi. Maji magotini, basi. Wapate kamwizi kamoja.