Uhaba wa Mawe ya Msingi Shuleni Mwanhumbi

Ndugu Afisa Mipango wa Halmashauri,

Ningeanza na shikamoo kwa heshima ya cheo chako, lakini naambiwa unalingana na mwanangu Enock, kwa hiyo naipokea yako kabisa: marahaba. Mimi ni Martina, mjumbe wa kamati ya shule ya msingi Mwanhumbi. Nakuandikia kwa uchungu wa mzazi, maana kijiji chetu kinabaguliwa. Shule nzima imewekewa mawe ya msingi matatu tu!

Unajua yalivyofika. Wananchi tulifyatua matofali, tukayachoma, tukapandisha boma la madarasa mawili kwa udongo, kwa sababu simenti tuliyoahidiwa ilikuwa njiani. Makubaliano yalikuwa kwamba sisi tukimaliza kuta, ninyi mnaezeka. Mlikuja kweli. Mlikuja na mgeni rasmi, turubai, spika za muziki na jiwe lililofunikwa pazia. Simenti nayo ilifika siku hiyo, ikajengewa jiwe. Mwaka uliofuata akaja mgeni mwingine, na wa tatu naye akagoma kuondoka bila kuweka la kwake. Boma halina bati hadi leo, lakini si hilo ninalolalamikia. Nalalamikia haya:

1. Mawe hayatoshi kukalia. Kila jiwe lina kijukwaa cha zege chenye ngazi, kimesakafiwa vizuri mno. Kwa kuwa darasa la kwanza hawana madawati, Mwalimu Eunice anawapanga hapo, wakibanana. Wanaobaki wanakaa vumbini chini ya kuta za boma, na mmoja wao ni mjukuu wangu Wema. Juzi nilimtoa funza kwa pini, akalia mpaka na mimi nikalia.

2. Jiwe la kwanza limesagwa. Lilikuwa linametameta, na wachimbaji wetu wa dhahabu unawajua. Hawakuamini kwamba msafara wote ule wa magari ulisindikiza jiwe lisilo na kitu. Walilibandua, wakalipeleka kwenye karasha ya Davis, ile mashine ya kusagia mawe, likasagwa na kuoshwa. Halikutoa hata punje ya dhahabu. Davis alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema amesaga mawe ya kila aina, ila hajaona lililopigiwa makofi mengi namna ile likawa tupu.

3. Hasara hiyo imeingia hadi kwenye taaluma. Vitabu hatuna, hivyo watoto wanajifunzia kusoma kwenye mawe. Wanaokalia la pili na la tatu wanasoma "Limewekwa na Mheshimiwa" bila kukwama, wakati "baba" bado inawashinda. Wa kijukwaa cha kwanza hawana cha kusoma kabisa.

4. Jiwe la tatu limeelekezwa barabarani kwa ajili ya kamera. Watoto wanaolikalia wanampa mwalimu mgongo. Yajayo yaelekee ubaoni.

5. Mapazia huondoka na msafara. Choo cha wasichana hakina mlango. Mgeni akishafunua, atuachie pazia.

Nilimuuliza Mtendaji wetu sababu ya bati kutofika. Akanieleza kwa upole kwamba fungu la kuezeka halijatoka, ila la uzinduzi halijawahi kuchelewa. Nikaona basi tunahangaika bure, tuombe kwenye fungu lenye uhai. Bajeti ijayo ituletee wageni rasmi wa kutosha darasa zima. Wakubwa wakiisha, waweke makatibu wao, kisha madereva, kisha mwenye spika. Ninyi mkiwa na moyo, wageni wa mwisho wayalaze mawe yao juu ya kuta, yafunike kabisa, nasi tutakuwa tumeezeka.

Fundi Januari anatutisha kwamba ukuta wa udongo usio na bati hauvuki mvua nyingine. Msimjali. Hajaweka jiwe popote.

Nisalimie ofisi nzima, hasa yule mama anayeshika sinia la mkasi. Wasalimie na wanao kule Kahama kwenye shule ya kulipia. Natumaini wanakaa kwenye viti. Wabeja sana, yaani asante.

Mimi katika kusubiri maendeleo,
Martina, Mama Enock

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, mvua ya jana imelilaza boma lote. Ilikuwa Jumapili, tulikuwa kanisani, ndiyo sababu Wema yuko hapa pembeni yangu ananisumbua. Ingekuwa leo, siku ya shule, ningekuandikia barua nyingine. Nimetoka kuangalia: kuta zetu ni rundo la matofali na tope, ila vijukwaa vyenu vyote vitatu vimesimama, havina hata ufa. Kwa hiyo chana yote niliyoandika hapo juu. Usituletee mgeni hata mmoja. Tuletee fundi aliyejenga vijukwaa vile, na simenti ileile.