Kamba Aliyoivuta Mtani Wangu

Leo nimeumbuka, jamani. Nimeumbuka mbele ya jeneza, mbele ya shehe, mbele ya balozi wa nyumba kumi na wanaume wote wa mtaa wetu hapa Temeke. Nyie wenzangu wa kiwandani kesho mtaletewa habari iliyotiwa chumvi, kwa hiyo afadhali mnisikie mimi kwanza.

Mzee Kondo kafariki alfajiri. Ni jirani yangu, yule Mzaramo mwenye kikohozi, ugoro na maneno mengi. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo, basi watani. Miaka yote tumegombania jambo moja tu: nani bwana na nani mtumwa. Kila nikipita mbele ya baraza yake, ananizuia. "We Maganga, sema mie bwana wako ndio upite!" Sikusema hata siku moja. Nilipendelea kuzungukia uani, kwenye matope. (Ndiyo, viatu vyangu vyote vimeharibikia huko.) Juzi juzi, akiwa hoi kitandani, mwanawe Salumu kakaa miguuni, mzee akanishika mkono.

"Ukija kunizika nitakuvuta," akasema. "Nitakuvuta mpaka useme."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Basi leo asubuhi nikaenda msibani kufanya kazi ya mtani. Nikavaa kofia yake. Nikakohoa kama yeye, nikadai uji kama yeye, mpaka mjane akawa anacheka huku analia. Nikaona haitoshi. Nikasimama mlangoni pa chumba alimolazwa maiti, nikapaza sauti: "Leo nimekuweza, Mzaramo! Nakufukia, na huna la kunijibu!"

Msiba mzima ukaangua kicheko. Kicheko hakijakwisha, Salumu akaja mbio kutoka makaburini. Mkwaju umeanguka! Ule mkubwa wa pale katikati. Umelala juu ya kaburi la baba yake lililokwisha kuchimbwa, na bahati nzuri wachimbaji walikuwa wamekwenda kunywa chai.

"Upepo?" akauliza balozi.

"Hakuna upepo, balozi. Hata jani halikutikisika."

Wakamshauri lichimbwe kaburi lingine. Salumu hakutaka kusikia. Baba yake aliusia alazwe kando ya mama yake mzazi, na mahali penyewe ni hapo tu. Kwa mashoka kazi ingefika kesho, na maiti wetu hangoji kesho. Tena wingu la masika limeshaanza kujikusanya. Salumu ni mtu mzima, ana watoto, lakini midomo ilikuwa ikimtetemeka. Nilimwonea huruma sana.

Sasa nani akafungua mdomo? Mimi!

"Msihangaike," nikasema. "Kiwandani tuna msumeno wa injini. Mie mtaalamu."

(Mie si mtaalamu. Kazi yangu mnaijua, nashikilia gogo. Anayewasha ni Fundi Zakaria, na leo Jumapili alikuwa kanisani.) Mlinzi akanipa msumeno kwa kuwa nilikwenda na balozi mwenyewe.

Maiti akasaliwa, tukaondoka. Kufika makaburini, jeneza likawekwa chini kando ya njia, hatua chache nyuma yangu. Wingu lilikuwa zito, mchana umekuwa kama jioni, na hata kunguru hawakulia. Watu wote wakanitazama. Nikaukanyaga msumeno kama afanyavyo Fundi Zakaria, nikashika kamba ya kuwashia, nikavuta.

Kamba ikanivuta.

Sitanii, jamani! Nilivuta kuja kwangu, na kitu fulani humo ndani kikavuta kwenda kwake, kwa nguvu kuliko zangu. Kishikio kikaniponyoka, kikanichapa vidole. Nikajipa moyo, labda nimevuta vibaya. Nikavuta tena, safari hii kwa mwili mzima. Kikanirudisha mpaka paji la uso likagonga gogo. Hapo nikasikia harufu ya ugoro wa Mzee Kondo, karibu kabisa na pua yangu. (Kofia yake nilikuwa nayo bado kichwani, lakini saa ile nani anakumbuka kofia!)

Mtu mmoja nyuma yangu akasema polepole, "Anavutwa huyo."

"Anavutwa na nani?"

"Baba alisema atamvuta," akajibu Salumu. "Nilikuwepo."

Wakarudi nyuma wote. Nami ningerudi, ila nilikuwa nimekwishashika kamba mara ya tatu, na mkono ukawa unavuta wenyewe kwa woga. Kilichonipata sikuwahi kukiona. Msumeno ukaruka, ukaanguka ubavu, mimi nikajikuta nimepiga magoti nikilielekea jeneza. Kitambaa cha kijani kilichofunika jeneza kikainuka upande mmoja, kikatua. Nawaambia tena, upepo haukuwepo.

Basi nikainua mikono juu, nikapiga kelele ambazo nasikia zimefika mpaka barabarani.

"Mzee Kondo, niachie! Wewe ndiye bwana! Mie mtumwa wako! Mie na Wanyamwezi wote, kuanzia Tabora mpaka hapa Temeke!"

(Wanyamwezi wenzangu, nisameheni. Najua hamkunituma.)

Halafu ule msumeno, uko chini peke yake, hakuna aliyeugusa, ukalia kidogo, tk. Kisha ukashusha pumzi. Fyuuu. Pumzi ndefu, ya mzee aliyeridhika.

Watu wawili wakatoka mbio. Shehe akaanza kusoma. Mimi nikabaki nimepiga magoti.

"Vuta," akasema Salumu, machozi yanamtoka. "Ameshakubali. Vuta, Maganga, tumzike baba."

Nikavuta. Kamba ikaja laini kama uzi wa cherehani. Injini ikakohoa (kikohozi kilekile, naapa!), ikanguruma. Nikakata matawi, nikakata gogo, huku nalia kama mtoto. Mvua ilipoanza kunyesha, Mzee Kondo alikuwa ameshalala kando ya mama yake. Salumu akanikumbatia mbele ya watu wote, akasema, "Ahsante sana, mtumwa wetu." Nikaitikia.

Kutoka hapo nikaupeleka msumeno kwa Fundi Zakaria, nyumbani kwake Keko, auangalie. Nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Maganga! Hukukibonyeza hiki?"

Akanionyesha kifundo kidogo cha chuma juu ya silinda. Kila siku namwona anapagusa hapo kabla ya kuvuta, nikadhani anaubembeleza tu! Kumbe injini ile inashindilia upepo kwa nguvu mno. Usipobonyeza kifundo, upepo uliobanwa ndani unairudisha kamba, na kamba inakurudisha wewe. Ukikibonyeza, upepo unapata pa kutokea, kamba inakuwa nyepesi. Injini ikishashika moto, kifundo kinaruka juu chenyewe.

Niliona aibu, lakini nilifurahi zaidi. Kumbe upepo tu! Nimeuza kabila zima kwa sababu ya kifundo! Nikacheka naye, nikaweka kidole nikibonyeze nione. Hakikwenda. Nikaweka gumba. Hakikwenda.

"Kwa kidole huwezi," akasema Fundi Zakaria, anajifuta machozi. "Kimeshika kutu. Mie huwa nakigonga na mpini wa bisibisi, tena kwa nguvu. Wewe ulikigonga na nini?"

"Sikukigonga. Nilikuwa nimepiga magoti."

"Sasa ile tk uliyoisikia, nani alikigonga?"

"Hakuna aliyeugusa msumeno, Fundi."

Kicheko kikamkauka. Akautazama msumeno, akanitazama mimi, akafanya ishara ya msalaba.

"Maganga," akasema taratibu, "hiyo kofia uliyovaa ni ya nani?"

Nikaivua. Nimerudi Temeke karibu kwa kukimbia. Sikuzungukia uani. Nimepita mbele ya baraza ya Mzee Kondo, nikaiweka kofia juu ya kiti chake, nikasema, "Shikamoo, bwana wangu." Ndipo nikaingia chumbani kwangu.

Kwa hiyo kesho nichekeni mtakavyo, lakini iwe hukohuko kiwandani. Huku nyumbani naomba asicheke mtu. Ukuta wetu na mzee ni mmoja, na sasa hivi kuna anayekohoa upande wa pili.