Mzigo wa Kilo Saba na Nusu

Faustine alikuwa kwenye chapati ya pili, katika mgahawa ulio jirani na stendi ya Bunda, alipoona deli la bluu likiingia mlangoni limekumbatiwa. Aliliona deli kwanza, kisha mikono iliyolikumbatia, na mwisho kabisa mwanamke mwenyewe, aliyevaa viatu vya ofisini vyenye vumbi. Mtu wa kawaida hubeba deli lake la barafu kwa mpini, na akifika mahali hulitua chini. Huyu alilikalisha kwenye kiti, yeye akabaki amesimama. Faustine akaisukuma sahani pembeni.

Tumtambulishe, maana mwenyewe anapenda sana kutambulishwa. Pale Bunda aliitwa Afisa. Afisa wa nini, hakuna aliyewahi kuuliza, na huo ndio ulikuwa mtaji wake. Shingoni alining'iniza kitambulisho cha plastiki chenye utepe wa kijani, na kwa kitambulisho hicho alikuwa amekagua mashine za kusaga, amepima viwanja ambavyo havikuwepo, na mara moja alikaa meza kuu kwenye harusi ya watu asiowajua. Kwa miaka mitatu hakutokea hata mtu mmoja aliyekisoma.

"Dada, friza yenu inafanya kazi?" mwanamke akamwuliza mhudumu. "Nina mzigo. Nataka ukae humo nusu saa tu, barafu yangu inayeyuka."

Mzigo ulipoingia kwenye friza, akatoka nje kupiga simu kwa kunong'ona. Kwa bahati yake mbaya, au nzuri, tutaona, alisimama chini ya dirisha alilokalia Faustine.

"Shikamoo mama. Wa jana umebaki kiasi gani? Pakiti moja tu? Jamani! Basi lazima huu ufike kabla ya saa nane. Leo ziko sita, mama, nimetoa pande zote mbili. Hapana, upande wa kushoto ndio unatoaga sana. Wa kulia siku hizi unasumbua."

Faustine akatega sikio zaidi. Pande zote mbili! Kushoto, akajiambia, ni huku kwenye ghuba. Kulia ni kule Musoma, na kule kweli doria zimekuwa zikisumbua. Mzigo wa kugandishwa, wa kunong'onewa, unaotoka pande zote mbili za ziwa. Kitu hicho ni kimoja tu, na jina lake ni mabondo, yaani ule mfuko mweupe wa tumboni mwa sangara ambao wanunuzi wa ng'ambo wanaugombania, na ambao bei yake inamwaibisha sangara mwenyewe.

Sisi tusiokuwa na tamaa asubuhi hiyo tungeelewa haraka. Selestina alikuwa mkaguzi wa mizani, ametumwa kazini siku nne, Bunda na Butiama. Nyumbani kwake Kamunyonge, mjini Musoma, alikuwa amemwacha binti wa miezi mitano, Brenda, kwa mama mkwe wake. Kila baada ya saa tatu alijifungia kwenye chumba chochote chenye kitasa, akajikamua kwa pampu ndogo ya mkono, akafunga maziwa kwenye pakiti, akaandika saa na kiasi, akayagandisha, kisha akayatuma Musoma kwa kondakta mmoja aliyemwamini. Maziwa ya kopo Brenda alikuwa ameyakataa kwa chupa, kwa kijiko na kwa kikombe, na mara ya mwisho alimtemea bibi yake usoni. Leo kondakta alikuwa anaumwa, gari la ofisi lilikuwa linamsubiri Selestina kwenda Butiama, na kule nyumbani kulikuwa na pakiti moja. Mama wa watu alikuwa anaogopa, basi. Ndiyo maana alinong'ona.

Faustine naye alikuwa ananong'ona kwenye simu yake. "Luhende, gari lina mafuta? Njoo stendi. Njoo na mizani."

Luhende alikuwa na gari dogo jeupe na mizani ya kuning'iniza ambayo hakuiacha nyumbani hata siku ya Jumapili. Mabondo yoyote yaliyopotea njia, Faustine alimpelekea yeye.

Selestina alirudi ndani akamkuta Afisa amesimama kando ya friza, kitambulisho kifuani, uso umejaa majukumu.

"Pole na safari, mama. Mimi ni afisa. Naomba kujua mzigo wako ni wa nini."

"Maziwa ya mtoto."

Faustine akacheka taratibu. "Maziwa! Mama, hapa Bunda wengine wanabebaga 'dagaa', wengine 'mitumba'. Wewe umekuja na maziwa. Hiyo ni mpya, nakupongeza."

Macho ya Selestina yalishuka mpaka kwenye kitambulisho, akakishika kwa vidole viwili, akakisoma mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kusoma maandishi madogo ndiyo kazi yake. Kiliandikwa: Semina ya Wanakwaya. Mjumbe: Faustine. Sauti: Tena.

Akakiachia. Hakucheka, na kwa hilo namvulia kofia.

"Kwani afisa unadhani ni nini?"

"Ya sangara," Faustine akasema chinichini. "Tusifichane. Barabara ya Musoma leo ina vizuizi viwili. Mwanamke peke yako na deli, watakuhangaisha. Mimi hawanigusagi. Niachie nikuvushie."

Alfajiri ile Selestina alikuwa ameomba kwa Mungu ampatie mtu wa kwenda Musoma. Hakutaja sifa zake, na sasa aliona kosa alilofanya. Mtu huyu akipewa deli ataliuza kwenye kona ya kwanza, na mtoto atalia mpaka jioni. Ila bila mtu huyu mtoto atalia vilevile. Kilichotakiwa ni kitu cha kumvuta mwizi mpaka mlangoni, kikubwa kuliko pakiti sita.

"Haya ni machache tu," akasema. "Mali yenyewe iko Kamunyonge."

"Kiasi gani?"

"Kilo saba na nusu. Zilipimwa Ijumaa, nikiangalia kwa macho yangu."

Faustine akaegemea friza. "Nani anailinda?"

"Mama mkwe wangu, Mama Dafroza. Haiachi hata dakika moja. Ukimfikishia pakiti hizi zimeganda, hazijafunguliwa, kabla ya saa nane, atakupa mali yenyewe uishike kwa mikono yako. Zikiyeyuka, hakupi kitu. Anapimaga kwa kidole."

"Na mtu akitaka kuondoka nayo moja kwa moja?" Faustine akauliza, kama kwa utani.

"Wengi wameshaomba. Ila haimalizi usiku mmoja, wanairudisha wenyewe."

Naomba izingatiwe kwamba mpaka hapo mama huyu hakuwa amesema neno moja la uongo. Alimpiga picha Faustine pamoja na kitambulisho chake, akaipiga picha namba ya gari la Luhende lililokuwa limeshafika, akazirudisha pakiti kwenye deli, akalifunga kwa utepe wa gundi, akamwelekeza nyumba, akaingia kwenye gari la ofisi. Njia nzima ya kwenda Butiama aliitazama saa amekunja uso, na mwenzake akadhani anaumwa tumbo.

Kwenye gari jeupe amani ilikuwa haba. Luhende alitaka kufungua pakiti moja tu, aone rangi.

"Toa mkono!" Faustine akamchapa kiganja. "Zikipata hewa, kilo saba na nusu tumeziaga!"

Walisimama mara tatu kununua barafu, zote kwa mfuko wa Luhende. Faustine alilipakata deli mapajani, akalifunika na koti lake jua lisilipige. Tangu azaliwe hakuwa amebeba kitu cha mtu kwa uangalifu wa namna hiyo. Mpango wake ulikuwa mfupi: apokee mali, Luhende apime na kulipa, halafu Kamunyonge wasimwone mpaka Krismasi. Mpango wa Luhende ulikuwa mfupi zaidi. Yeye aliitegemea mizani yake.

Saa nane kasoro robo walikuwa mlangoni. Ndani kulisikika kilio cha mtoto, kile cha kukauka koo. Mama Dafroza akafungua kabla hawajabisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeleta?" Akalinyakua deli, akalifungua palepale kibarazani, akabonyeza pakiti kwa kidole. "Yameganda! Mungu akubariki, mwanangu. Tangu saa sita analia, nimebaki kulia naye tu."

Akakimbilia ndani. Luhende, mtu wa vitendo, akaitundika mizani yake kwenye boriti ya kibaraza. Faustine alichungulia mlangoni akamwona mama anaitumbukiza pakiti kwenye bakuli la maji ya vuguvugu. Mabondo gani haya? Akasogea, akasoma maandishi ya kalamu juu ya pakiti: Saa 11 alfajiri. Kushoto. Mililita 150.

Akasoma tena. Kushoto. Polepole akaelewa ni kushoto kwa wapi, na masikio yake yakashika moto.

"Na mali, mama?" Luhende akauliza kutoka kibarazani. Yeye habari zilikuwa bado hazijamfikia. "Ile ya kilo saba na nusu?"

Mama Dafroza akacheka, machozi bado yanamtoka. "Selestina amewaambia mpaka kilo zake! Haya, afisa, shika." Akamweka Brenda mikononi mwa Faustine, na chupa juu yake.

Brenda akanyamaza. Akanywa macho yamemtoka, akaikamata chupa, akaimaliza. Kisha, bila haraka, akailowesha suruali ya Faustine.

"Na mizani ya kliniki mmekuja nayo!" Mama Dafroza akaiona pale kwenye boriti. "Mmefanya vizuri."

Kabla Luhende hajafungua mdomo, mtoto alikuwa ameshafungwa kwenye kitenge na kuning'inizwa kwenye ndoano, bibi yake ameweka mikono chini yake. Mshale ukatikisika, ukatulia kwenye tano.

"Tano?" Mama Dafroza akamshusha mjukuu wake haraka, akamkumbatia. Sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. "Ijumaa saba na nusu, leo tano? Mjukuu wangu anaisha! Nilimwambia Selestina asisafiri!" Akapiga simu, akaiweka sauti ya juu.

Kule Butiama Selestina akaisikiliza habari ya hizo tano mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, "Mama, hiyo mizani ni ya nani?"

Luhende akaanza kuyachunguza mabati.

"Kaka mwenye mizani, unanunuaga nini na hiyo mizani yako?"

"Sa... samaki, mama."

"Jumatatu saa mbili asubuhi niko ofisini Musoma. Uilete mwenyewe. Nisiifuate mimi. Mama, usilie, mtoto hajapungua. Kilichopungua ni huyo kaka."

Faustine alikuwa amegeuka kumtazama rafiki yake. "Luhende. Mabondo yote niliyokuwa nakuleteaga..."

"Tutaongea kwenye gari."

"Theluthi, Luhende! Theluthi nzima!" Alikuwa ameumia kweli. Hakujua kwamba uaminifu umeshuka kiasi hicho mkoani Mara.

"Afisa yupo?" Selestina akaita. "Mali umeishika?"

"Nimeishika, mama."

"Nilikudanganya?"

Faustine akatafuta uongo hata mmoja katika maneno yake yote, akakosa. "Hapana. Imenikojolea."

"Kesho saa nne, mgahawa uleule. Kuna pakiti sita nyingine. Picha yako ninayo."

Brenda, aliyechoshwa na kelele za watu wazima, akaanza kulia. Mama Dafroza akamrudisha mikononi mwa Faustine, na hapo akakiona kitambulisho. Akakisogeza karibu na macho, akakisoma chote. Wa pili siku hiyo.

"Kumbe mwanakwaya! Tena kabisa! Basi mwimbie, baba. Akishiba analalaga kwa wimbo tu."

Faustine alihudhuria semina ile kwa ajili ya pilau, akatoroka kabla ya mazoezi. Akatazama geti. Lakini Brenda alikuwa ameukamata utepe wa kijani kwa ngumi mbili na hakuonekana mtu wa kuachia. Faustine akakohoa, akaanza kuimba, na Luhende, akiifikiria Jumatatu, akaingia na besi.