Matibabu ya Kompyuta ya Mama Kopi

Fundi Dozi hakuwahi kuiba kitu cha mtu. Hilo alilisema mwenyewe, mara nyingi, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Kazi yake ilikuwa kutibu kompyuta. Basi alipomkuta mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, ameinamia mashine yake akiibembeleza iwake, moyo ulimjaa huruma. Ile huruma inayoanzia mfukoni.

"Mama, hii imechoka ubongo. Tunatoa prosesa ya zamani, tunaweka mpya. Itaruka!"

"Iruke iende wapi, mwanangu? Mimi nataka iwake tu." Mama Kopi, kama mtaa mzima ulivyomwita, alivua miwani. "Ila pesa yangu utaiona ikipona. Prosesa, ufundi, vyote kwa pamoja."

"Na kila siku ya matibabu ina malipo yake."

"Yaandike."

Fundi akayaandika. Prosesa aliyoiweka ilikuwa mpya kweli, kainunua kwa akiba yake yote. Ujanja haukuwa hapo. Ile ya zamani akaiuza siku hiyo hiyo. Kisha akapachika kimyakimya programu kumi na mbili za kujiwasha zenyewe kila kompyuta inapowaka, zote zigombanie mlango kwa wakati mmoja. Mashine ikawa inachukua nusu saa kuamka. Angeacha siku zipite na bili inenepe, halafu azifute zote kwa mpigo mmoja.

"Mbona imezidi kuwa nzito?" Mama Kopi aliuliza kesho yake.

"Ubongo mpya, mwili wa zamani. Bado havijazoeana."

"Maskini! Basi wakati unasubiri vizoeane, nibanie hivi vitabu."

Fundi Dozi akabana vitabu. Siku ya pili akakata vyeti, ya tatu akapanga karatasi za mitihani ya shule nzima. Kila asubuhi alibonyeza kitufe, akashika stepla, roho kwatu. Mteja mmoja akamdhania kaajiriwa pale. Akamsamehe, mtu anayekaribia kutajirika huwa mwepesi wa kusamehe.

Siku ya kumi akaona inatosha. Akafuta zote, akaijaribu, ikawaka kabla hajamaliza kukohoa.

"Mama, njoo uone! Imepona!"

"Nitaiona asubuhi," sauti ikajibu kutoka chumba cha nyuma. "Mbele ya watu, ili tulipane kwa heshima."

Asubuhi wateja wanne walikuwa kwenye foleni. Fundi akabonyeza kitufe kama anayezindua daraja. Mashine ikaguna, ikanyamaza, ikaguna tena. Nusu saa. Akachungulia ndani: programu zake kumi na mbili zote zimerudi, pamoja na ya kumi na tatu asiyoijua.

"Mama, kuna mtu amezirudisha..."

"Amerudisha nini, mwanangu?"

Foleni nzima ikamgeukia. Amwambie nini? Kwamba alizifuta alizozipachika mwenyewe?

"Hakuna kitu, mama. Ni ubongo tu."

Siku nne alizifuta, siku nne zikarudi. Huku nyuma vitabu havikuisha kubanwa. Akaanza kuogopa kweli: akiba yake yote ilikuwa imelala ndani ya lile sanduku. Siku ya tano akasalimu amri.

"Mama, nimeshindwa. Niruhusu nichukue prosesa yangu niende."

"Chukua. Nirudishie na ya kwangu."

Fundi akatazama sakafu. "Ile... niliitupa."

"Basi hii inabaki." Mama akasogeza karatasi iliyochapwa vizuri, bila shaka siku nyingi kabla: fundi ameshindwa, hadai chochote. Fundi akatia sahihi. Iliuma, acha tu.

Mama akaikunja karatasi taratibu. "Nimefundisha kompyuta chuoni miaka ishirini. Ya kumi na tatu niliiweka mimi, izirudishe zako kila usiku, maana ulishaanza kufuta mapema mno, na vitabu vilikuwa bado vingi."

Fundi alikuwa hajavuka kizingiti aliposikia kompyuta ikiwaka nyuma yake, mara moja, bila hata kuguna.

"Fundi!" Fundi cherehani wa mlango wa pili alimpungia mkono, uso ukimng'aa. "Na kompyuta yangu inasuasua. Mama Kopi kanieleza masharti yako, nimeyapenda mno. Unaweza kushona vifungo?"