Posa Niliyoimwaga kwa Mama wa Watu

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio yamekuwa ya moto. Nimefika nyumbani hapa Bellevue sasa hivi, viatu sijavua, nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu.

Rehema mnamjua. Ndiye huyo msusi wa saluni ya Midrand, Mtanga mwenzangu, ambaye kila siku mnaniuliza "utamuoa lini" nami najifanya nimeona kitu kwenye simu. Sasa bosi wake anafungua saluni Cape Town na anataka Rehema akaisimamie. Jibu linatakiwa kesho asubuhi. Juzi akaniambia, "Idi, kama una neno, niambie kabla sijampa mtu jibu." Akanitazama. Mimi nikamuuliza kama amekula. (Ndivyo nilivyo. Mbele ya yule dada ulimi unakuwa mzito kama nimeng'atwa na nyuki.)

Leo nikapata akili. Nikasema nitampakia kwenye pikipiki yangu baada ya kazi, twende nje ya mji tukapunge upepo. Kwenye pikipiki mimi naangalia mbele, yeye yuko mgongoni, hatuonani macho. Nitasema yote huku naiangalia barabara. Mpango safi kabisa!

Nikatoka ghalani ninakobeba maboksi, nikampitia, tukaiacha Midrand na malori yake. Jamani, majira haya! Ile baridi ya kupasua midomo imekwisha, mvua ya kwanza imeshanyesha, majani yamerudi, farasi wanakula taratibu kwenye mashamba, na upepo unanukia udongo. Rehema kanishika kiuno. Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Umewaona wale farasi?"

"Nimewaona."

Basi. Mazungumzo yakaishia hapo.

Mbele kidogo kuna kibanda cha stroberi kando ya barabara. Tukasimama, tukala, tukapiga soga kwa Kiswahili chetu kile cha sauti ya juu. Rehema akaiweka helmeti yake juu ya siti, mkoba wake akauning'iniza kwenye usukani. "Ngoja nikanawe mikono, nakuja." Mwenye kibanda akamwonyesha bomba kule nyuma. Mimi nikapanda pikipiki, nikavaa helmeti yangu, nikawasha, nikawa nafanya mazoezi ya maneno kimoyomoyo, macho nimeyafumba. (Mtu mzima!)

Nikahisi mtu anapanda. Nikagongwa begani. "Twende."

Nikaondoka. Pikipiki ilizama kidogo upande wa nyuma, nikajisemea ni zile stroberi.

Safari hii sikungoja. Nikaanza kupaza sauti kushinda injini. "Usiseme kitu! Nisikilize tu! Mimi nakupenda! Nilikuwa nakuja saluni kunyolewa ndevu ambazo sina! Ile wiki niliyougua, uliponiletea uji kwenye chupa ya chai ukasimama juu yangu mpaka nikaumaliza, nilikunywa huku nalia, nikasingizia mafua!"

Kimya. Nikajua yamemwingia.

"Ukienda Cape Town usiende peke yako! Maghala hata kule yapo! Nitabeba maboksi, jioni nakuona, mimi sitaki kingine! Tuoane! Kama umekubali, nikumbatie!"

Hapo hapo tukaingia kwenye shimo. Nilikumbatiwa, jamani! Nilikumbatiwa mpaka mbavu zikaomba msamaha. Nikapiga honi. Nikapiga vigelegele (ndiyo, mimi mwanaume). Nikaegesha pembeni, nikashuka, nikavua helmeti, nikageuka nimetanua mikono. "Mke wangu!"

Helmeti ya Rehema ikavuliwa polepole. Ndani yake alikuwemo mama mtu mzima, kitenge mpaka miguuni, mkoba wake mwenyewe ameukumbatia kifuani, macho yamemtoka.

"Papa," akasema, "miye niko na bwana."

Mikono yangu bado ilikuwa imetanuka. Sikujua niiweke wapi.

Kumbe ni mama wa Bukavu, ambako kila mwanaume huitwa papa, anafanya kazi za ndani kwenye nyumba moja ya shamba kule. Alikuwa amesimama karibu na kibanda anangoja taksi, ndizo daladala za huku, na hazipiti. Akasikia Kiswahili. Akaona pikipiki inaunguruma, dereva amekaa tayari, helmeti ya abiria iko kwenye siti. Kwao hiyo ni pikipiki ya kukodi, na kwetu Tanga vilevile, tusidanganyane. Hata mimi ningepanda.

"Sasa mama, mbona ulininyamazia?"

"Nilizani uko unazungumuza na bibi yako kwa telefone. Nikasema, huyu kijana anapenda kweli, nimuache amalize." (Bibi kwao ni mke.) Akanishika mkono. "Maneno ilikuwa muzuri sana, papa. Mi nililia kidogo."

Ndipo fahamu zikanirudi. Rehema!

"Mama, panda!"

Tukarudi mbio. Rehema alikuwa amesimama katikati ya vumbi, mkoba wake uko kwenye pikipiki, simu yake imo humo humo. Nilidhani nitatukanwa. Afadhali ningetukanwa! Macho yalikuwa mekundu.

"Nimekuita mpaka sauti imenikauka," akasema. "Nikajua basi. Idi ameona bora anikimbie kuliko kusema."

Wee! Hilo neno liliniingia mpaka kwenye mifupa. Nikafungua mdomo.

Yule mama akashuka, akarekebisha kitenge. "Binti yangu, huyu hakukukimbia. Yote alisema, ila alisemea miye. Papa, sema tena. Anzia kwa ndevu."

Nikasema. Uso kwa uso, mchana kweupe, mbele ya mwenye kibanda ambaye hajui neno moja la Kiswahili lakini aliacha biashara yake akaja kusimama karibu. Nikikwama, mama ananisukuma. "Uji! Umesahau uji." Nikasema uji. "Na maboksi." Nikasema maboksi. Nilipofika kwenye kuoana nilikuwa nalia waziwazi, na sikuwa na mafua ya kusingizia.

Rehema akaipangusa vumbi siti ya pikipiki. Nikaona maisha yangu yote yanapita pale barabarani.

"Kule Cape Town kuna upepo mkali," akasema. "Utauweza?"

"Nitauweza."

"Basi kesho namwambia bosi tunakuja wawili."

Mama akapiga vigelegele vya Kikongo, farasi wakainua vichwa. Mwenye kibanda akapiga makofi, "Sharp, sharp!" bila kujua anapongeza nini. Rehema akanipangusa uso kwa upande wa kanga yake, akaniambia nimpeleke mama nyumbani kwake kwanza, yeye atangoja na stroberi zake. Nikaenda, nikarudi, alikuwa amezimaliza zote.

Mama ameshatangaza kwamba mshenga ni yeye na hataki kusikia jina jingine. Kwa hiyo mkija harusini chekeni mtakavyo, lakini nawaomba jambo moja tu: msimuulize ni nani niliyemposa kwanza.