Kitabu cha Ua la Mwisho

Jumatatu, 3 Novemba

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nikamwambia mimi sijachoka, sasa nani kati yetu ajiuzulu? Hakucheka. Amesema Krismasi huenda nikaiona. Zaidi ya hapo hatii sahihi. Nimetoka kwake nikanunua kalenda ya miaka miwili.

Hata hivyo, kuungama ni lazima. Nina miaka themanini na tisa, na dhambi hii ina thelathini na moja. Mimi, Orrin Tefft, ndiye mtunzaji wa Kitabu cha Ua la Mwisho katika maktaba ya Peck Hollow. Kila vuli huandikwa jina la mwenye ua la mwisho kuchanua kabla ya theluji. Na kila vuli ua hilo ni la jirani yangu, Lorraine Gadbois. Linatoka kwenye mhazeli mchawi, mti unaochanua wakati miti yenye akili timamu imekwisha kulala.

Hajaandikwa hata mara moja. Mwaka wa kwanza nilitangaza mbele ya Chama cha Bustani kwamba ule ni mhazeli wa kawaida tu, wa kuzaa njugu, na kwamba zile nyuzi za njano si maua bali ni masuke yaliyopotea majira. Hakuna aliyebisha. Nusu ya chama niliwafundisha bayolojia. Nusu nyingine niliwafelisha.

Uongo mtupu! Jani nilikuwa nalo mkononi. Jani la mhazeli mchawi limepinda kwenye kikonyo, upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, na ukingo wake una mawimbi. La njugu lina meno madogo kama msumeno. Mtoto angejua.

Kwa nini nilifanya hivyo? Wiki ile Lorraine aliniambia mbele ya watu kwamba rododendroni yangu, kichaka changu cha maua, imekufa. Ilikuwa imekufa. Si hoja.

Nitamwambia ukweli. Lakini kwanza jina langu liingie kitabuni mara moja tu. Ushindi kwanza, toba baadaye. Mkaguzi ni Mchungaji Haskell, na ukaguzi ni Jumamosi.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango mzuri sana umeharibika.

Mimi pia nina mhazeli mchawi, wa kubebeshwa, miti miwili iliyounganishwa shina: juu ni aina ya maua mekundu, ya Februari, chini, kwenye mizizi, ni aina ya porini, ileile ya Lorraine. Aina ya chini haikomi kutoa machipukizi, na ukiyaacha huumeza mti mzima. Miaka yote nimeyakata bila huruma. Miaka mitatu hii nikayaacha kwa siri. Mwaka huu yalikuwa na vitumba! Maua ya njano ya Novemba, kwenye ardhi yangu, kwa haki kabisa.

Leo nimejikokota na fremu yangu ya kutembelea hadi pale. Pamenyolewa safi.

Nimemwita Corinne, mpwa wangu anayenitunza. Amesema aliyakata Agosti, anishangaze. Nimemuuliza kwa idhini ya nani.

"Yako, mjomba. Si ulinifundisha kila kinachochipua chini ya kiungio ni mwizi?"

Nilifundisha vizuri mno. Ndiyo kasoro yangu ya pekee.

Alhamisi, 6 Novemba

Lorraine hucheza karata kwa binti yake kila Alhamisi asubuhi. Corinne yuko dukani. Nimeingia kwa jirani na mkasi wa kupogolea kwenye mfuko wa joho la kulalia. Hatua arobaini, dakika ishirini na tano. Moyo ulipiga kelele. Nikauambia hatua hii si yako.

Mti wake ni mzuri, laana! Umepandwa unapopendelea, pembeni mwa kijito, jua la asubuhi, kivuli cha mchana, majani makavu yamerundikwa shinani kutunza unyevu. Wangu niliuweka kwenye ukuta mkavu kwa sababu unaonekana kutoka barabarani.

Nimekata matawi manne. Nyuzi za njano zimejikunja kama maganda ya limau. Nimeyaweka kwenye jagi sebuleni, juu ya hita, yasinyauke kwa baridi. Jumamosi alfajiri nitayafunga kwenye mti wangu kwa waya wa kijani.

Corinne ameuliza yametoka wapi. Nimesema kwa mtu anayenipenda.

Ijumaa, 7 Novemba

Aibu. Niandike haraka kabla sijaipamba.

Mchungaji Haskell alikuja kuniandaa kwa safari ya mwisho. Nikamwambia nina dhambi, lakini naomba miadi ya Jumapili. Akauliza kwa nini Jumapili. Kabla sijajibu: tak! Kitu kikampiga kwenye miwani.

Nimefundisha jambo hili miaka arobaini! Ua la mwaka jana ndilo mbegu ya mwaka huu. Vikasha vya mbegu hukaa kwenye tawi lilelile pamoja na maua mapya, na vikikauka hupasuka na kurusha mbegu mbali, mita kumi. Nami nimeviweka juu ya hita.

Tak! Taa ya mezani. Tak! Chai ya mchungaji. Corinne akainama nyuma ya kochi.

Hapo ndipo Lorraine alipoingia na pai ya nyama aliyoniokea. Mbegu ikamgonga kwenye aproni. Akaiokota: nyeusi, inang'aa. Akatazama jagi. Akatazama dirishani, kwenye mti wake.

"Mwalimu, tangu lini njugu zikaruka?"

Nikasema yote. Jani, masuke, rododendroni, mkasi. Nilitarajia matusi, nilikuwa na majibu tayari. Lakini aliketi tu, pai mapajani.

"Mti ule Armand aliutoa msituni," akasema. Armand ni marehemu mumewe. "Kila vuli aliweka kikapu chini yake, angoje njugu. Miaka tisa, Mwalimu. Kila nikimcheka ananiambia mwaka huu zitakuja, Mwalimu amesema."

Mbegu ziliendelea kuruka. Hakuna aliyejikinga.

Akataka jambo moja: jina la Armand kitabuni, kwa kila mwaka niliouiba, kwa mkono wangu mwenyewe. Nikakubali.

Jumamosi, 8 Novemba

Maktaba. Nimeandika Armand Gadbois mara thelathini na moja. Lorraine alisimama kando akisoma kila mstari, kama mimi nilivyokuwa nikisimamia mitihani. Mwishoni alinishika bega, akasema pai iko jikoni, niipashe moto.

Nililia. Ni uzee.

Jumapili, 9 Novemba

Nimesamehewa. Mchungaji amesema sasa niko tayari, roho nyeupe kama theluji. Corinne amenirudishia mkasi aliouficha tangu Ijumaa.

Nimekula vipande viwili vya pai na kuwaza kwa utulivu. Mji huu hauna Kitabu cha Ua la Kwanza. Ni aibu kubwa kwa mji wenye maktaba. Nimekianzisha leo, mtunzaji O. Tefft. Mti wangu mwekundu huchanua Februari, kwa hiyo nitakuwepo Februari. Daktari aandike anachotaka.

Kuna tatizo dogo. Corinne anasema Lorraine ana mhazeli mwingine mlangoni kwake, wa aina ya Januari, wa njano.

Kanuni ya kwanza nimeiandika kwa wino: maua ya njano hayahesabiwi.